Herufi za Lugha Zetu, Toka Risasi Hadi Kompyuta

Katika mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, komuni ya Kampemba, watu wa lugha nyingi wakaa ukuta kwa ukuta. Kiswahili chetu cha Katanga ndicho kinachotuunganisha sokoni na njiani, lakini nyumbani wengine husema Kiluba, wengine Tshiluba cha Kasai, wengine Kibemba, Kisanga au Lingala. Kwaya zetu nazo zafuata njia hiyo hiyo, na si ajabu kusikia nyimbo za lugha tatu katika Misa moja ya Dominika.

Basi, peleka karatasi ya nyimbo hizo kwenye kibanda cha kompyuta na fotokopi ipigwe chapa, nawe utaona jambo. Mistari ya Kiswahili yatoka safi. Mistari ya Lingala, kama imeandikwa kwa herufi zake kamili, mara nyingi hutoka na visanduku vitupu, au alama za kuuliza, au takataka zisizosomeka. Kijana wa kibandani, ambaye si mvivu wala si mjinga, hukushauri utie e na o za kawaida, kwa maana mashini yake haizijui hizo nyingine. Nawe, kwa kuwa kwaya yangoja, wakubali. Hivyo ndivyo herufi zinavyopotea: hakuna aliyezikataza, bali Jumamosi jioni watu wana haraka.

Je, jambo hili ni dogo? Tutoe mfano mmoja. Katika Lingala, moto ni mtu. Motó, sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa. Mɔ́tɔ, kwa ile o ya kinywa kilichofunguka, ndiyo moto wa kuchoma. Ondoa herufi ɔ na alama za sauti, na maneno matatu yamekuwa neno moja. Msomaji Mswahili ndiye atakayepotea kuliko wote, maana yeye akiona “moto” hufikiri makaa mara moja. Somo la Pentekoste lataja ndimi za moto. Asiyeijua lugha vema akilisoma kwa Lingala katika karatasi mbovu, watu watasikia ndimi za mtu.

Wako wanaojibu kwamba mwenye lugha huelewa tu kwa maneno yanayotangulia na yanayofuata. Ni kweli, na barua nyingi mno za Lingala zaandikwa kila siku bila ɔ wala ɛ, nazo zafika salama. Lakini maandishi hayawekwi kwa ajili ya mtu mzima peke yake, aliyekwisha kuijua lugha kabla ya kukijua kitabu. Yawekwa pia kwa mtoto na kwa mgeni, na Lubumbashi ni mji wa wageni tangu ulipoanzishwa mwaka 1910.

Shida hii ni ya kale kuliko kompyuta. Tuifuate toka chanzo chake.

Tangu Gutenberg wa Mainz alipotoa Biblia yake, yapata mwaka 1455, mpiga chapa alihesabiwa utajiri wake kwa herufi alizokuwa nazo. Kila herufi ilichongwa kwanza katika ncha ya chuma kigumu. Chuma kikagongwa katika kipande cha shaba, kikaacha alama. Na katika alama hiyo wakamimina risasi iliyoyeyushwa. (Watu wa Katanga wafurahi kidogo: kila herufi ya kale ilizaliwa katika shaba.) Herufi zikapangwa katika kasha lenye vyumba vidogo vidogo, naye mpangaji akaziokota moja moja. Kama chumba kilikuwa kitupu, neno halikuchapwa, au lilichapwa kwa herufi nyingine iliyokaribiana nayo. Kuchonga herufi mpya kulihitaji fundi hodari, siku nyingi na fedha nyingi.

Kanisa lilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1622 Baba Mtakatifu Gregori XV aliunda Propaganda Fide, yaani idara ya Roma ya kueneza imani, na mwaka 1626 idara hiyo ikapata kiwanda chake cha kupiga chapa. Mafundi wake walichonga herufi za mataifa: za Waarabu, za Waarmenia, za Wahabeshi, za Wasiria, za Wageorgia, na nyingine nyingi. Hapakuwa na duka la kuzinunua, ilipasa kuzitengeneza.

Lugha ya Kongo iliingia katika historia hiyo mwanzo kabisa. Mwaka 1624, kule Lisbon, kilichapwa kitabu cha mafundisho ya dini kwa Kireno na Kikongo, kilichotengenezwa na Myesuiti Mateus Cardoso akisaidiwa na walimu Wakongo. Hicho ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vilivyochapwa katika lugha ya Kibantu, na ni cha Kongo. Mwaka 1650 mafundisho hayo yalichapwa tena Roma kwa lugha nne, na mwaka 1659 kiwanda cha Propaganda Fide kikatoa sarufi ya Kikongo ya Padre Giacinto Brusciotto, Mkapuchini wa Vetralla. Yeye ndiye aliyeeleza kwanza katika kitabu jinsi maneno yetu yanavyofuatana kwa viambishi vya mwanzo. Tena herufi hazikuwa taabu, maana Kikongo kina vokali tano kama Kilatini. Aliyekuwa na kasha la Kilatini aliweza kuchapa Kikongo.

Katika kiwanda hicho alifanya kazi kijana mmoja, Giambattista Bodoni, aliyefika Roma mwaka 1758 akashughulikia herufi za mashariki. Baadaye alihamia Parma, akawa mpiga chapa mwenye sifa kuu katika Italia. Mwaka 1798 askari wa Ufaransa waliitwaa Roma, na herufi nyingi za Propaganda Fide zikachukuliwa Paris. Basi, Baba Mtakatifu Pius VII alipokuwa Paris mwaka 1805, aliongozwa kukitazama kiwanda cha kifalme cha chapa, na mbele yake wakachapa Baba Yetu kwa lugha 150. Tunadhani alizitambua baadhi ya herufi hizo! Mwaka uliofuata, 1806, Bodoni alijibu kutoka Parma kwa kitabu chenye Baba Yetu kwa lugha 155. Watu husimulia habari hii kama mashindano ya mafundi. Sisi twaona jambo jingine ndani yake: hata sala ya Bwana ilichapwa kwa lugha zile tu ambazo mtu fulani alikuwa amezichongea herufi, na mwenye nguvu aliweza kuzibeba herufi hizo katika magari yake akaondoka nazo.

Tuje sasa Afrika ya mashariki. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya meli za wamisionari wa karne ya 19. Barua za Waswahili wa Kilwa za mwaka 1711 zahifadhiwa mpaka leo kule Goa, India. Herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za vokali, na waandishi wa pwani walijitahidi kwa njia zao kuonyesha e na o, na p, na ch, na ng'.

Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuandika lugha zetu kwa Kilatini, kila mmoja alitumia namna yake. Mwaka 1855 mtaalamu Mjerumani Lepsius alitoa alfabeti moja kwa lugha zote za dunia. Aliweka nukta, mistari na vipete juu na chini ya herufi za kawaida. Kwa mwalimu chuoni ilikuwa kazi nzuri. Kwa mpiga chapa wa misioni ilikuwa msiba, maana kila alama ilitaka herufi yake ya risasi, na alama nyembamba huvunjika upesi. Edward Steere, wa misioni ya Waanglikana wa Unguja, alishika njia nyepesi. Kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, kilichotoka mwaka 1870, chatumia herufi zile zile ambazo mpiga chapa yeyote wa Kiingereza alikuwa nazo. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifanya kinyume. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, imejaa alama ndogo za matamshi, na kwa utajiri wa maneno haijapitwa kirahisi. Lakini watu hawakuandika barua kwa herufi za Sacleux. Waliandika kwa herufi za Steere, na kamati ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ikaifuata njia hiyo.

Kiswahili kilikuwa na bahati, basi: vokali tano, hakuna sauti za kupanda na kushuka zinazobadili maana ya neno. Hata hivyo nacho kiliacha kitu mlangoni. Watu wa pwani hutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama kwa pumzi ya midomo. Katika vitabu vyetu vyote ni paa tu.

Ndani ya Kongo mambo yalikuwa magumu zaidi. Lingala na Lomongo zina vokali saba, na lugha zetu nyingi zina sauti za juu na za chini. Kule London iliundwa mwaka 1926 taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, na mwaka 1927 ikatoa kijitabu cha kanuni za kuandika, kilichochapwa upya mwaka 1930. Mwongozi wa kazi hiyo alikuwa Diedrich Westermann. Shauri lao lilikuwa hili: acheni kurundika alama juu ya herufi, tengenezeni herufi mpya kamili. Sababu zao zilikuwa za mikono na macho. Mtu akiandika upesi huziacha nukta, macho huchoka kuzitafuta, na risasi yake hukatika. Kwa hiyo wakapendekeza ɛ, ɔ, ŋ na wenzake.

Katika Kongo aliyeshika shauri hilo kwa moyo wote ni Padre Gustaaf Hulstaert, wa Wamisionari wa Moyo Mtakatifu, aliyekaa Bamanya karibu na Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka. Pamoja na mwenzake Padre Edmond Boelaert alianzisha mwaka 1937 jarida la Aequatoria. Kamusi yake ya Lomongo na Kifaransa ilitoka Tervuren mwaka 1957, na jina la lugha lenyewe, pale juu ya kitabu, lina ɔ tatu na alama ya sauti. Kitabu kama hicho kilihitaji kiwanda chenye herufi hizo na mpangaji mwenye subira. Hapa Katanga Mafransisko walifanya kazi kubwa ya Kiluba. Kamusi ya Padre Van Avermaet, aliyesaidiwa na Benoît Mbuya, ilitoka mwaka 1954, nayo pia Tervuren. Tazama basi: kamusi za lugha za Kongo zilipaswa kuvuka bahari ili zizaliwe.

Na mtu wa kawaida alikuwa na nini? Alikuwa na mashini ya kuandika, ile ya ofisi, iliyotengenezwa kwa Kifaransa. Ilikuwa na é, na è, na ç. Haikuwa na ɔ hata moja. Mwaka 1965, katika mji huu, André Yav alitengeneza kwa mashini ya namna hiyo historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa zamani watumishi wa nyumbani. Ni kitabu cha ajabu, tena cha uchungu, na mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena mwaka 1990 pamoja na maelezo. Mtu akitazama maandishi yale ya asili huona maneno yameunganishwa hapa na kukatwa pale, bila kanuni ya shule. Kiswahili hakikukosa herufi yoyote katika mashini ya Yav. Kanuni ndiyo iliyokosekana.

Miaka michache baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya lugha yakawekwa Lubumbashi. Mwezi wa Mei 1974 wataalamu wa lugha wa nchi nzima walikutana katika mji huu kwa mkutano wao wa kwanza, na kati ya mambo waliyoshughulikia ni namna moja ya kuandika lugha za taifa. Mwaka 1976 chama chao kikakubali kanuni, na Lingala ikapewa rasmi ɛ na ɔ pamoja na alama za sauti pale zinapohitajika. Sasa kanuni ilikuwapo, nayo ilitoka kwa wana wa nchi wenyewe. Lakini mashini za maofisini zilikuwa zile zile, na herufi iliyokubaliwa Lubumbashi haikuweza kuandikwa katika ofisi za Lubumbashi.

Kompyuta zilipofika, watu walitazamia kwamba shida imekwisha. Kumbe ilihamia tu nyumba nyingine, nasi twataka kueleza jinsi ilivyokuwa, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa.

Kompyuta haijui herufi. Yajua namba. Kila herufi imepewa namba yake, na mashini huhifadhi namba hiyo. Ikitaka kuonyesha maandishi, huchukua faili lingine liitwalo fonti, ambalo ni kama lile kasha la risasi la zamani: ndani yake mna maumbo, na kila umbo limewekwa chini ya namba fulani. Namba yasema ni herufi gani. Fonti yasema ina sura gani. Hayo ni mambo mawili, na ugonjwa wa moja si ugonjwa wa jingine.

Orodha ya namba iliyotangazwa Marekani mwaka 1963, kwa jina ASCII, ilikuwa na nafasi 128 tu, zikatosha Kiingereza. Kiswahili kilipita humo bila shida, kwa bahati ile ile ya Steere. Mwaka 1987 ilikubaliwa orodha ya nafasi 256 kwa lugha za Ulaya magharibi. É na ç zikaingia, ɛ na ɔ zikabaki nje. Kweli, mwaka 1983 ilikwisha kutolewa kanuni ya kimataifa ya herufi za Kiafrika kwa ajili ya maktaba, lakini haikufika katika mashini za watu wa kawaida.

Watu wakafanya hila. Fundi alichukua fonti, akafuta umbo la alama isiyotumika sana, akachora ɔ mahali pake. Kwenye skrini yake na katika karatasi yake ilionekana ɔ nzuri. Lakini namba iliyohifadhiwa ndani ilikuwa bado ya ile alama ya zamani. Peleka faili kwenye mashini isiyo na fonti ile, na ɔ zote zageuka kuwa vitu vya ajabu. Tena kila fundi alichagua nafasi yake, wala hawakupatana. Hatuwalaumu, kwa maana walitaka vitabu vitoke, navyo vilitoka. Lakini waliandika kwa siri bila kujua kwamba wanaandika kwa siri.

Dawa ilianza mwaka 1991, makampuni yalipounda chama cha Unicode, chenye kusudi la kumpa kila herufi wa dunia namba yake moja isiyogawanywa na mwingine. Humo ɛ ndogo ina namba 025B na kubwa yake 0190. Ɔ ndogo ina 0254 na kubwa yake 0186. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walitengeneza namna ya kuzihifadhi namba hizo iitwayo UTF-8, ambayo ndiyo inayotawala leo. Kazi iliyobaki ilikuwa ya makasha, yaani fonti. Hapo walisaidia sana watu wa SIL, shirika lenye asili katika kutafsiri Biblia kwa Waprotestanti. Victor Gaultney alichora fonti aliyoiita Gentium. Wazee wetu waliosali kwa Kilatini hawahitaji kutafsiriwa neno hilo: ni “ya mataifa”, kama katika Lumen Gentium ya Mtaguso mwaka 1964. Tangu mwaka 2005 fonti hiyo yatolewa kwa leseni ya huru: mtu aweza kuichukua, kuitumia, kuigawa na hata kuirekebisha bila kulipa. Iko na Charis ya watu hao hao. Na mwaka 2016 Google pamoja na Monotype walitangaza kazi yao ya fonti za Noto, zenye kukusudia kufikia maandishi yote. Jina hilo lina mzaha ndani yake. Visanduku vile vitupu mafundi wa kompyuta huviita tofu, kwa sababu vyafanana na vipande vyeupe vya chakula cha soya cha mashariki. Noto yataka kusema, tofu basi!

Kwa nini, basi, karatasi ya Bel-Air yaendelea kutoka na visanduku, ikiwa mashini mpya karibu zote zina herufi hizo? Yafaa kwanza kutambua ugonjwa, kwa maana dalili ni tatu na kila moja ina chanzo chake.

Ukiona kisanduku kitupu, namba ni salama lakini fonti haina umbo. Hapo kuna dawa nyepesi: weka Gentium, Charis au Noto katika mashini, kisha chagua fonti hiyo kwa ajili ya maandishi yote, si kwa herufi moja moja. Programu nyingi za leo, zikikosa umbo katika fonti uliyochagua, huliazima katika fonti nyingine bila kukuambia. Ndiyo sababu wakati mwingine ɔ hutokea nene kati ya herufi nyembamba, kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Wapenda fonti za mapambo, zile za kadi za arusi, wajue kwamba nyingi hazina herufi zetu kabisa.

Ukiona alama ya kuuliza, hali ni mbaya zaidi. Faili limehifadhiwa kwa orodha ya zamani isiyo na nafasi ya ɔ, na mashini imeitupa herufi ikaweka ? mahali pake. Hakuna fonti itakayoirudisha. Itabidi kuandika tena, na safari hii kuhifadhi kwa UTF-8.

Ukiona takataka, kwa mfano mÉ”tÉ” mahali pa mɔtɔ, usikate tamaa wala usifute. Herufi zote zimo. Mashini yasoma tu UTF-8 kwa macho ya orodha ya Ulaya ya zamani. Ifungue tena na kuiambia kwamba ni UTF-8, na maneno yatarudi.

Liko na jambo la alama za sauti. É ina namba yake yenyewe kwa sababu Wafaransa walitangulia mezani. Ɔ́ haina, huandikwa kwa namba mbili, ile ya ɔ na ile ya alama inayopanda juu yake. Fonti nzuri hubeba maelekezo ya mahali alama inapokaa juu ya kila herufi. Fonti mbaya huitupa pembeni, au juu ya herufi ya jirani, na mwimbaji asijue sauti ipi inapanda.

Mwenye kupeleka kazi kibandani na aihifadhi kwanza kama PDF, akihakikisha kwamba fonti zimetiwa ndani ya faili. Ndipo mashini ya kibandani haiulizwi kama ina ɔ au haina. Kasha lasafiri pamoja na kitabu. Kwetu sisi shauri hili moja limeokoa karatasi nyingi kuliko mengine yote.

Waganda nao wana habari inayofanana na yetu. Luganda ina herufi ŋ katika alfabeti yake, lakini kwa kukosa kitufe wengi huandika ng' kama sisi Waswahili. Na hiyo ng' yetu tusiidharau. Programu iliyowekwa kwa Kifaransa huiona alama ile kama ya l'eau, na yaweza kudhani kwamba ng'ombe ni maneno mawili, ikayapigia mistari myekundu. Ichagulie lugha ya maandishi kuwa Kiswahili, nayo itatulia.

Limebaki jambo moja linalotutia wasiwasi kuliko visanduku vya nyimbo. Yako maandishi yaliyotengenezwa kwa fonti za hila: katekisimu, vitabu vya nyimbo, hadithi za wazee zilizokusanywa kijijini. Fonti zenyewe zilikaa katika mashini moja au mbili, na mashini hizo zafa. Fonti ikipotea, faili labaki bila ufunguo. Mwenye faili la namna hiyo alipeleke, pamoja na fonti yake ile ile, kwenye mashini ambayo bado yaisoma, achape nakala moja ya karatasi. Kisha ageuze namba moja moja kwa zile za Unicode, akilinganisha na karatasi mstari kwa mstari, wala asifute faili la kwanza mpaka mwenye lugha amesoma yote kwa sauti.